Bamia ndani ya ugali

Buruburu, Nairobi
9 Machi

Mpenzi Mama Pendo,

Najua umeshasikia, na najua umecheka. Ndiyo, niliacha jua la Januari la hapa Nairobi, lile la kukausha nguo nusu saa, nikaenda Uingereza kupanda meli ya wazungu wanaotafuta jua. Lakini binti yangu alikuwa ameshalipa, ningesemaje? Siku tunang'oa nanga Southampton, saa kumi na moja jioni giza lilikuwa totoro. Hapo nikawaelewa.

Siku 35, dada. Visiwa vya Karibi na kurudi.

Ghuba ya Biscay ndiyo iliyonikomesha. Milango ya kabati inalia, glasi zinateleza mezani, nami nimekumbatia ndoo nikitubu dhambi za ujana. Kijana wa kusafisha vyumba akaingia na tofaa la kijani na biskuti kavu. "Tafuna pole pole, mama." Kwa Kiswahili! Mtu wa Likoni, Mombasa. Nilipopata nafuu, swali lake la kwanza likawa: foleni ya feri imepungua?

Kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno, hadi Karibi ni siku sita za maji matupu. Wenzangu walizisifu, mimi nilichoka. Kula, kulala, kula tena. Saa zinarudishwa nyuma, nami saa tisa usiku niko macho kama mlinzi. Intaneti usiniulize, bei yake ni ya kuuza shamba. Raha yangu ilikuwa asubuhi kwenye sitaha, kuwatazama samaki warukao: wanachomoka majini, wanateleza hewani juu ya mawimbi, halafu chubwi.

Bridgetown, kule Barbados, nikaletewa samaki hao hao kwenye sahani, na pembeni ugali! Wanauita cou-cou. Unga wa njano, kama ule wa njaa ya 1984, umesongwa na bamia humo humo. Laini, unateleza. Nilimaliza sahani mbili, binti yangu akaona haya. Nikamwambia mpishi kwetu tunausonga mpaka usimame wenyewe. Alicheka akashika meza.

Kisiwa kimoja tulikiona kwa macho tu, mawimbi yalizuia vile vimashua vya kushusha watu. Safari ya kurudi haina hadithi: baridi inazidi, nusu ya meli inakohoa.

Njoo Jumamosi. Bamia ninazo. Unga wa njano tafuta huko kwenu, duka la hapa lina mweupe tu.

Wako,
Mama Neema