Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: Mfanyakazi apewe nakala ya tathmini yake

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mhandisi wa programu hapa Nairobi. Ninakuomba utunge kanuni, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, itakayomlazimu mwajiri kuhifadhi kumbukumbu za tathmini ya utendakazi na kumpa mfanyakazi nakala ya yote yaliyoandikwa juu yake.

Katika kampuni nyingi za teknolojia mambo huenda hivi. Meneja hukuandikia maoni na kukupa alama, kisha mameneja hujifungia kikaoni kuwalinganisha wafanyakazi wa idara mbalimbali, na humo alama hupandishwa au hushushwa. Wewe huitwi. Unaletewa matokeo tu, na hayo ndiyo yanayoamua nyongeza ya mshahara, marupurupu, cheo, na nani ataondoka kwanza kazi zikipunguzwa.

Wanawake wa Microsoft walipeleka utaratibu wa namna hii mahakamani mjini Seattle mwaka 2015, wakiongozwa na mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Katherine Moussouris. Hadi Novemba 2013 kampuni hiyo iliwataka mameneja wagawe alama kwa mafungu yaliyopangwa mapema, hivi kwamba hata katika kundi la wachapakazi watupu ilibidi wengine wawekwe chini. Walalamishi walidai kwamba wanawake walishushwa kuliko wanaume waliofanya kazi sawa nao. Microsoft ilikana. Nyaraka za kesi zilipofunguliwa mwaka 2018, umma ulijua kwamba kati ya 2010 na 2016 wanawake wa idara za kiufundi nchini Marekani walikuwa wamewasilisha malalamiko 238 ndani ya kampuni. Kati ya hayo, 118 yalihusu ubaguzi wa kijinsia, na kampuni iliona moja tu kuwa na msingi. Moja, Mheshimiwa.

Hata hivyo, Juni 2018 Jaji James Robart wa mahakama hiyo ya Seattle alikataa kuwaruhusu wanawake zaidi ya 8,600 washtaki kwa pamoja, na Desemba 2019 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Ninakusihi uitafakari sababu yake. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya kampuni ya maduka ya Walmart mwaka 2011, kundi kubwa kama hilo hulazimika kuonyesha utaratibu mmoja uliowaumiza wote. Jaji aliona kwamba kila meneja aliamua kwa hiari yake, basi hakuna uzi unaowaunganisha. Kile kile walichokilalamikia, yaani meneja kuamua apendavyo bila kuulizwa, ndicho kilichomkinga mwajiri. Google nayo ilishtakiwa mwaka 2017 kuhusu mishahara na ngazi ambazo wanawake walipangiwa, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 118 bila kukiri kosa. Ilikubali pia wataalamu wa nje wachunguze jinsi inavyopanga ngazi na mishahara.

Maneno ya tathmini nayo yana uzito wake. Mwaka 2014 mwanaisimu Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 kutoka kampuni kadhaa, nyingi za teknolojia. Kati ya tathmini 94 za wanawake zilizokuwa na ukosoaji, 71 zilikosoa tabia zao: mkali mno, punguza sauti, waachie wengine nafasi. Kwa wanaume zilikuwa 2 kati ya 83. Mwanamume huambiwa ajifunze nini. Mwanamke huambiwa awe mtu gani. Nimeyasikia maneno hayo yakisemwa hapa kwetu juu ya wanawake ambao kazi yao hakuna aliyeweza kuitia dosari.

Microsoft ina kituo cha uhandisi Nairobi tangu 2019, na Google ilitangaza chake mwaka 2022. Sizituhumu ofisi zao za hapa. Ninachosema ni kwamba mitindo ya kupima wafanyakazi husafiri pamoja na kampuni, na kampuni zetu wenyewe huiiga.

Sheria yetu inamlinda mfanyakazi vizuri kuliko ya Marekani. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi katika mafunzo, kupandishwa cheo na kuachishwa kazi, na kinamtwika mwajiri jukumu la kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini mwanamke hawezi kufika mbele ya jaji mikono mitupu. Anahitaji cha kuanzia, naye alicho nacho ni tarakimu moja na sentensi kwamba hashirikiani na wenzake. Kikao kilichomshusha alama hakikuacha maandishi, au yapo na hana njia ya kuyapata.

Kifungu cha 6 tayari kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Anza na waajiri hao hao. Vigezo vitangazwe kabla ya mwaka wa tathmini kuanza. Alama ikibadilishwa kikaoni, iandikwe nani ameibadilisha na kwa nini. Kila mwaka kampuni impelekee afisa wa leba mgawanyo wa alama za wanawake na wanaume, bila majina. Sheria inakupa uwezo wa kutunga kanuni baada ya kushauriana na Bodi ya Taifa ya Leba. Tafadhali ipelekee suala hili katika kikao chake kijacho, na utujulishe hadharani imejibu nini.

Wako mwaminifu,
Mhandisi wa programu, Nairobi