Risala ya Klabu ya Jiografia na Uchumi kwa Mgeni Rasmi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, masheha, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuja kwetu msimu huu wa karafuu, wakati kila mwenye majamvi uani anaitazama mbingu kabla ya kutoka. Tunajua wapo wazazi waliowaachia watoto uanikaji ili wafike hapa. Mvua isije tu.

Mheshimiwa, mwaka huu klabu yetu imejiuliza swali moja: kwa nini sehemu moja ya nchi hukua haraka kuliko nyengine? Tulianza na sensa. Mwaka 2012 Pemba ilikuwa na watu 406,848, na mwaka 2022 tukafika 543,441. Hatukupungua. Lakini Mkoa wa Mjini Magharibi, kule Unguja, peke yake ulitoka watu 593,678 hadi 893,169, na fungu letu katika watu wote wa Zanzibar likashuka kutoka asilimia 31 hadi karibu 29. Miongoni mwa waliohesabiwa kule wamo kaka na dada zetu.

Gunnar Myrdal, mchumi wa Sweden, alieleza mwaka 1957 kwamba mji ukishatangulia huzidi kutangulia: kazi huvuta watu, watu huvuta maduka, maduka huvuta benki, na vijana waliosoma hufuata mkumbo. Hatuwaonei kijicho ndugu zetu wa Unguja. Fundi simu huenda penye wateja, riziki ndivyo ilivyo. Ila tumejifunza pia kwamba barabara nzuri na boti ya kasi zina njia mbili. Mzigo wetu unafika Mjini mapema, na nguo za soko la Darajani nazo zinafika Wete mapema, cherehani ya fundi wa hapa ikabaki na kazi ya kupunguza suruali. Barabara tunazishukuru sana, lakini peke yake hazitoshi.

Jibu lililotupendeza tulilipata Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Mjerumani Alfred Weber aliandika mwaka 1909 kwamba kiwanda kinachopunguza sana uzito wa malighafi hukaa karibu nayo. Darasani hiyo ilikuwa michoro ya pembetatu, na wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani tu. Lakini fikiria gari iliyojazwa makonyo hadi juu, kisha mafuta yanayopatikana ni sehemu ndogo tu ya uzito ule. Nani atalipa nauli ya meli kwa mzigo kama huo? Kiwanda kinakaa Pemba kwa sababu hesabu inakilazimisha.

Karafuu yenyewe ni kinyume chake. Ikishakauka hubaki takriban thuluthi ya uzito wake, haiozi, na bei yake inabeba nauli ya mbali. Ndiyo maana tangu kimbunga cha mwaka 1872 kiangushe mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki kimekuwa kikitoa sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar, huku kazi ya kuisaga, kuifunga na kuipa jina ikifanywa zaidi na watu wa nchi za mbali. Kazi hiyo haitokuja yenyewe, lazima iitwe. Mwani wa akina mama wa Micheweni uko upande wa makonyo: kinachotakiwa ndani yake ni kidogo kuliko uzito unaosafirishwa. Kwa kanuni ya Weber ulistahili kusindikwa hapa hapa, mradi maji baridi, yasiyo ya chumvi, yawepo ya kutosha. Umeme tunao, unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010.

Jengine, Mheshimiwa, tunalisema tukijua wazee wa Wete watatukunjia uso. Wete, Chake Chake na Mkoani kila mmoja unataka uwe na kila kitu. Mfanyabiashara akiutazama mji mmoja mmoja anaona wateja wachache. Akiitazama mitatu kama mji mmoja wenye mitaa inayotenganishwa na mashamba, anaona soko la zaidi ya watu nusu milioni. Na tayari tunaishi hivyo: ndege tunapandia Chake, mgonjwa tunampeleka Hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, na majahazi ya Tanga yanatia nanga Wete.

Kwa hiyo tunaomba mipango ya miji hii mitatu ikae meza moja, na daladala za jioni baina yao ziongezwe, kwani kijana wa Wete akipata kazi Mkoani leo hulazimika kuhama. Klabu yetu nayo inaomba kompyuta moja na ramani mpya ya Pemba. Tuliyonayo imechanika katikati, pale pale ilipo Chake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.