Binamu, saa imekupa 86 lakini mimi nilikusikia usiku

Binamu yangu wa Umoja,

Nakuandikia hapa wazi manake kwa simu tunaishia kubishana. Ile Jumamosi nililala kwako sikupata usingizi, ulikuwa unakoroma, unanyamaza kabisa, halafu unashtuka ukivuta pumzi kama mtu ametolewa kwa maji, na si mara moja. Asubuhi ukanionyesha saa yako ya mkono, ile inapima usingizi, ati umelala masaa karibu nane, alama ya usingizi 86, ukafurahi sana, na kanisani ukasinzia kabla hata ya mahubiri.

Hiyo saa haioni ubongo wako. Inasoma vile mkono unasonga, na ile taa ya kijani huko chini inafuata damu ikipita ndio ijue mapigo ya moyo, kisha programu inakisia kama ni usingizi mzito ama unaota. Kupima kabisa ni kwa maabara ya usingizi, unabandikwa nyaya kichwani. Ndio maana ukilala kimya saa nane usiku ukiwaza rent, inaweza kuandika umelala.

Na siku ikikupa 58 unanitumia meseji mpaka jioni ati umeharibikiwa, hata kama uliamka poa. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chicago waliandika kuhusu watu kama hao, wanahangaikia namba za usingizi mpaka usingizi wenyewe unawasumbua, wakaiita othosomnia. Nilisoma nikakuona wewe, ikaniuma.

Sisemi uitupe. Kuonyesha umelala saa ngapi na kuamka saa ngapi inajaribu vizuri, na katikati ya wiki unalala karibu saa sita usiku na saa kumi na nusu uko steji unangoja matatu ya tao, sasa hayo ni masaa gani, na mtu mzima anahitaji saba kwenda juu? Angalia wiki mbili pamoja, usiku mmoja achana nao. Na kabla ufungue programu asubuhi, sema kwanza mwili wako unajisikiaje.

Lakini hiyo ya pumzi kukatika usingojee wiki mbili. Saa zingine siku hizi zinaweza kutoa onyo la hiyo shida, na isipotoa haimaanishi uko sawa. Mwambie daktari nilichosikia, umwambie na vile unasinzia mchana, na akupime presha manake hivyo vitu huenda pamoja. Jumatano niko off, nitakuja tuende wote.