Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tuliougua "changamoto ya upumuaji" 2021 bado tunaumwa

Mheshimiwa Waziri, salaam na heshima zako zote.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, upande wa Temeke, mzaliwa wa Newala. Naumwa tangu 2021 kile wanachokiita Uviko wa muda mrefu, yaani umeugua Uviko (korona) na dalili zikakataa kuondoka. Naandika nikiwa nimelala, simu nimeiegemeza kwenye mto, mistari mitatu minne nafumba macho kidogo halafu naendelea, kwahiyo barua hii imenichukua siku sita na kama kuna pahala nimerudia maneno naomba nivumiliwe. Sikutaka kuandika hadharani. Nilishaandika kwa utaratibu mara mbili kwenye ofisi husika, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, basi. Na kwenye kikao kimoja afisa mkubwa tu alisimama mbele yetu akasema wagonjwa tuandike, kila barua itajibiwa ndani ya mwezi. Huu ni mwaka wa pili Mheshimiwa.

Kilichonitoa ni cha mwezi huu. Jumanne moja nilienda hospitali, sitaji jina lake kwa sababu tatizo sio la hospitali moja, kuomba nijaziwe fomu ya mapumziko kazini. Daktari kijana, mpole kabisa, akapitia makaratasi yangu yote ya miaka hii: malaria hamna, taifodi hamna, sukari sawa, damu ipo, tezi sawa, moyo sawa, picha ya kifua safi. Akaniuliza, ulipimwa Uviko ukakutwa nao? Nikamwambia daktari, Februari 2021, mtaani kwetu nani alikuwa anapimwa zaidi ya msafiri? Akasema bila majibu ya kipimo yeye hawezi kuandika hilo. Akaandika wasiwasi. Halafu akanishauri kila asubuhi nikimbie kimbie nusu saa, mwili utachangamka.

Nikamtii, maana mi nataka kupona kuliko mtu yeyote anavyodhani. Alfajiri nikavaa raba nikatoka, toka getini mpaka dukani kwa mangi na kurudi, hata dakika kumi hazikufika. Siku ile nikawa sawa tu, hata nikapika. Kesho yake jioni mwili ukazima. Siku tisa Mheshimiwa. Mwanangu wa darasa la sita ndo alikuwa ananinywesha uji kwa kijiko, akaning'iniza kanga mbili dirishani kwa sababu mwanga ulikuwa unanichoma, na kila bajaji ikipita nje nilikuwa naisikia ndani ya fuvu. Aliacha kwenda shule siku tatu. Mtoto wa mwalimu.

Hiki kitu watu wanakiita uchovu na mi silipendi hilo neno. Uchovu ni ule wa kulima, unalala unaamka umepona. Huu wetu unalala masaa kumi unaamka kama hujalala, na ukijituma kidogo leo unalipa kesho au keshokutwa, na malipo hayalingani na ulichofanya. Kufua mashati mawili nalipa siku nzima. Mwaka juzi nilikuwa naandika sentensi ubaoni nikasahau neno linalofuata, nimesimama na chaki, watoto wananiangalia, neno lenyewe lilikuwa "shamba". Mtoto mmoja wa mbele akaniletea kiti bila kuambiwa.

Sasa nikumbushe tulikotoka, na simlaumu hayati Rais Magufuli aliyetangulia mbele ya haki. Takwimu zetu zilisimama Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Wiki ile tuliyompoteza Maalim Seif, Februari 2021, mi nilikuwa nimejifunika blanketi juu ya sufuria ya nyungu, mwarobaini na mchaichai na majani ya mlimau, pumzi inakata nusu njia. Jina lililokuwepo lilikuwa changamoto ya upumuaji, au nimonia. Hilo ndo jina nililopewa na ndo lililoandikwa kwenye daftari langu la kliniki. Leo nadaiwa cheti cha kitu ambacho kwetu hakikuwa kinapimwa. Nitakitoa wapi?

Na Mheshimiwa, huko duniani hawadai cheti. Shirika la Afya Duniani lilipotoa maelezo ya Uviko huu wa muda mrefu Oktoba 2021 liliandika aliyethibitishwa au anayedhaniwa aliugua, na dalili zidumu angalau miezi miwili bila sababu nyingine. Marekani, mabingwa wao wa taaluma za sayansi walikaa wakatoa maelezo yao Juni 2024 wakasema wazi kipimo cha maabara sio lazima. Wenye mashine za kupimia kila kona hawadai cheti, tunadai sisi.

Hilo la kukimbia nalo. Uingereza mwaka 2011 walichapisha utafiti mkubwa wa wagonjwa 641 wa uchovu sugu, ugonjwa unaofanana na huu wetu, utafiti ule unaoitwa PACE, ukasema kuongeza mazoezi kidogo kidogo kunasaidia. Wagonjwa wakapiga kelele jamani yanatuangusha, wakaonekana wakorofi. Mgonjwa mmoja wa Australia akadai takwimu zenyewe kwa sheria, 2016 waamuzi wakaamuru zitolewe, zikapigiwa hesabu upya na wale waliosemekana wamepona wakapungua sana. Oktoba 2021 taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ikayaondoa hayo mazoezi ya kupandisha kwenye tiba. Halafu Januari 2024 watafiti wa Amsterdam wakachukua vipande vya misuli ya wagonjwa wa Uviko wa muda mrefu, kabla na baada ya kuendesha baiskeli, wakaona misuli inaharibika zaidi baada ya zoezi. Miaka yote hiyo wagonjwa walikuwa wanasema kitu kilekile. Kwetu huku mwongozo haujamfikia daktari wangu, na sio kosa lake yeye, nani amemfundisha?

Nilisema natoka Newala. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa kwetu kule, kwenye mlipuko wa 1952, na jina lake ni Kimakonde, linasema vile maumivu yanavyomkunja mtu. Wataalamu walichukua neno la wagonjwa, leo dunia nzima inalitamka. Na wapo wanaobaki na maumivu ya viungo na kuishiwa nguvu miezi hata miaka baada ya homa kuisha, kwahiyo maradhi ya kuacha mkia sio mageni kwetu. Hata huu Uviko wa muda mrefu, jina lake alilianzisha mgonjwa, Elisa Perego wa Italia, Mei 2020, na wagonjwa wenyewe ndo walihoji wenzao 3,762 kutoka nchi 56 wakaorodhesha dalili 203, wakachapisha 2021. Walikuwa wanaumwa na bado walihesabu.

Mi nahisi wizara inaogopa kugusa hili kwa sababu itabidi irudi kwenye zile namba za 2020, au ni hela tu, au mnaona tuko wachache. Tuko wachache kwa sababu hatujahesabiwa! Mtaani kwangu peke yake nawajua wanne: fundi cherehani, mama ntilie aliyeacha kupika, bodaboda aliyeuza pikipiki, na binti aliyeacha chuo. Wote waliugua kati ya 2020 na 2021, wote hawana cheti. Mmoja mumewe amemwambia ni jini. Mwingine anaambiwa mvivu na mama yake mzazi.

Tunayo taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, 2020 ilitengeneza dawa ya mitishamba ya NIMRCAF ndani ya miezi tu. Haishindwi kutuuliza. Nilikuwa nimepanga kuomba mengi, kliniki, bima, likizo inayoeleweka, lakini nguvu imeniishia kwahiyo naomba moja: daftari. Fungueni daftari la watu ambao hawajapona tangu walipougua, muandike kwa maelezo yao na tarehe zao, bila kudai majibu ya kipimo. Na kabla hamjapanga maswali ya utafiti wowote, kaeni na wagonjwa wawili watatu wawaambie nini cha kuuliza, wakianza na swali hili: ukijituma leo, kesho inakuwaje. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hilo.

Daftari tu Mheshimiwa.

Nikiitwa Dodoma sitaweza kukaa kwenye kiti safari nzima, hata kwa treni ya umeme. Naomba nipigiwe simu, namba ipo kwenye zile barua mbili za mwanzo. Iwe asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo huwa sina sauti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu, Temeke