"Discharge" ya mto si kasi wala kina

Mhariri,

Mvua za masika zikianza, habari za mito huongezeka magazetini, na neno la Kiingereza "discharge" huandikwa mara "kasi", mara "kina". Yote mawili siyo. Discharge ni ujazo wa maji yanayopita mahali fulani kwa sekunde moja. Mto mpana unaotambaa taratibu waweza kupitisha maji mengi kuliko kijito kinachokimbia juu ya mawe.

Tofauti hiyo huonekana kwa kamba, fimbo ya kupimia, saa na chungwa. Chagua sehemu iliyonyooka, pima urefu wa mita 20. Tandaza kamba toka ukingo hadi ukingo, upime kina kila baada ya mita moja. Ukipima katikati tu, hesabu itazidi. Mto wenye upana wa mita 10 na wastani wa kina wa mita 0.8 una eneo la mita za mraba 8. Chungwa likimaliza mita 20 kwa sekunde 25, kasi ya maji ya juu ni mita 0.8 kwa sekunde. Izidishe kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini huburuzwa na sakafu ya mto, kisha uizidishe kwa lile eneo la 8. Utapata mita za ujazo 5.44 kwa sekunde, yaani lita 5,440. Chupa tupu isitumike, upepo huisukuma. Chungwa huzama karibu lote. Rudia angalau mara tatu.

Asili ya neno hilo ni kupakua mzigo kutoka garini, ndiyo maana limeenea kote, na yote yafuatayo kwa Kiingereza ni discharge. Kiwanda hutiririsha majitaka (na kwa Tanzania huhitaji kibali), mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani, kidonda hutoa usaha, betri huisha chaji. Mahakamani kosa la tafsiri ni zito zaidi. Mshtakiwa ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) ameondoa shtaka lake kabla ya hukumu ameachiwa tu, na anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Kuandika "ameachiwa huru" ni kumpa hukumu ambayo mahakama haijatoa.

Kwa mto tunapendekeza "ujazo wa mtiririko", na takwimu itajwe pamoja na mahali na siku ilipopimwa. Namba ya darajani haifai tena pale kijito kingine kinapoingia mtoni chini ya daraja hilo.

Wasomaji wenu, wapimaji wa maji ya mito