Risala ya Kikundi cha Watunza Bustani ya Asili kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kwetu.

Kikundi chetu kilianza na watu wachache waliookota taka. Mafanikio ni makubwa: njia za kutembelea zimefunguliwa, upande mmoja wa bustani umejaa miti, na tuna daftari la waingiao tunalolijaza kila siku bila kukosa.

Mheshimiwa, tunazo changamoto za maji na uzio, ila leo tumeziweka kando ili hili moja lisikike: mashine za kupimia presha.

Shirika la Afya Duniani linasema magonjwa yasiyoambukiza yaliua watu wasiopungua milioni 43 mwaka 2021. Tunaamini miti inasaidia kuyazuia, lakini kuamini si kupima. Utafiti wa Uingereza wa 2019, wa watu karibu 20,000, uliona kuwa wanaokaa kwenye maeneo ya asili dakika 120 au zaidi kwa wiki ndio waliosema zaidi kwamba wana afya njema. Walisema, hawakupimwa. Huenda pia mwenye afya ndiye anayeweza kutembea. Huko Louisville, Marekani, wakazi walipimwa damu kabla na baada ya kupandwa zaidi ya miti na vichaka 8,000, wakalinganishwa na majirani wasiopandiwa. Matokeo ya 2024 yalionyesha kiashiria cha uvimbe wa ndani ya mwili, unaohusishwa na maradhi ya moyo, kiko chini kwa asilimia 13 hadi 20.

Neno kubwa hapo ni "kabla". Msimu ujao tunapanda upande wa pili. Miche ikishaingia ardhini, kipimo cha mwanzo tumekikosa moja kwa moja. Sasa tunatumia mashine moja ya kuazima, yenye mkanda mmoja. Ukimbana mtu wa mkono mnene, presha inasomeka juu kuliko ilivyo. Kwa takwimu za namna hiyo, nani atatuamini?

Tunaomba mashine sita zilizothibitishwa, mikanda ya saizi tatu, na muuguzi siku moja kwa wiki.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Miaka miwili iliyopita mgeni rasmi aliyekutangulia aliliahidi papo hapo ulipoketi, tukampigia makofi ya dhati. Tumeandika barua tatu. Zote zilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Nakala zake tumeziambatanisha na risala hii. Wazee wawili waliojiandikisha kupimwa siku ile wameshapata kiharusi.

Tunajua wewe ni mtu wa vitendo. Kwa heshima zote, tunaomba usiondoke kabla hujatutajia tarehe, nasi tutaiandika kwenye daftari mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi