Barua kwa mwanangu: usipande Kitonga na gari linalokunywa maji

Mwanangu Tumaini,

Kamwene mama. Ujumbe wako umefika. Salamu nyingi, habari za kazi nyingi, halafu mwishoni kabisa unachomeka kwamba gari lako, hiyo Land Rover Series III, linakunywa maji "kidogo tu", na kwamba Jumamosi unaondoka Morogoro nalo kuja nyumbani. Chini hakuna hata tone, umesema mwenyewe. Basi yanakwenda wapi? Yanapotelea ndani ya injini. Usipande mlima wa Kitonga na hilo gari kabla hujajua.

Fundi wa mjomba wako amesema ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Huenda ni kweli, ila amepima au amekisia? Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, kisha tazama maji. Mapovu yakija mfululizo na kuzidi ukikanyaga mafuta, ujue moshi wa silinda unaingia kwenye njia ya maji. Chomoa na kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, huo ni unyevu wa safari fupi fupi. Na kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa moto, hata ukiwa na kitambaa kizito. Wewe una haraka tangu utoto.

Baada ya hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Injini iwe na joto, betri imejaa, plagi zote nne zitoke, waya mdogo wa koili uchomolewe. Mtu akanyage mafuta hadi chini huku akipiga stata, wewe ushike geji mpaka mshale usimame. Usihangaike na namba ya kitabu. Huku Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, geji ileile itasoma chini kuliko huko Morogoro. Linganisha silinda kwa silinda. Mbili zinazopakana, tuseme ya 2 na ya 3, zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Ikiwa chini moja tu, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi.

Hilo la kupima najua utalifanya vizuri, mkono wako ni mtulivu kuliko wa kaka zako. Ninachoogopa ni kwamba utafunga gasketi mpya, utafurahi, halafu utaingia barabarani bila kuuliza ya zamani ilikufa kwa nini. Gasketi haiungui yenyewe, mara nyingi injini ilichemsha kwanza. Rejeta ioshwe kwa maji yanayosukumwa kutoka nyuma kuja mbele, maana matope na mbegu za majani hukwama kwenye mapezi. Mkanda wa feni ukilegea, wota pampu haizunguki sawasawa. Taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ikichelewa, joto hupanda. Kuhusu thermostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakishapata moto, haimo, wala usipoteze muda kuuliza nani aliitoa. Mafundi husema bila hiyo injini inapoa zaidi, lakini sehemu ya maji hukatiza kwenye njia fupi na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Nunua mpya.

Kazi yenyewe msifanye wawili wenye njaa. Hedi ya Series III ya petroli ni chuma kitupu, nzito, na tairi la akiba juu ya boneti litangulie kutoka. Toa waya wa betri, mwaga maji ya rejeta na ya bloku, fungua nati tatu za bomba la ekzosi (zipake dizeli tangu jana yake, zikikatika utalia). Pushrodi nane, vile vijiti vinavyosukuma roka za valvu, zichomeke kwenye boksi la karatasi kwa namba, kila moja irudi ilikotoka. Bolti za hedi zilegezwe injini ikiwa baridi, kuanzia nje kuingia katikati, kidogo kidogo. Ikigoma kunyanyuka, usiingize bisibisi katikati. Rudisha plagi na waya wa betri, piga stata mara moja, kompresheni itaibandua.

Kabla ya kurudisha, weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kwa urefu na kwa pembe zote mbili. Fila, kile kibati cha kupimia nafasi, ya 0.10 mm ikipita chini ya rula, peleka kwa wachongaji. Tazama pia nyufa kati ya viti vya valvu. Halafu hili ambalo vijana wengi hulipita: matundu ya bolti kwenye bloku yakaushwe. Maji au oili ikibaki humo, bolti hufika kwenye maji ikidhani imefika mwisho. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, inalia, hedi haijakazika, na bloku inaweza kupasuka.

Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu: 30, 50, kisha 65 za paundi-futi, ambazo ni Nm 88. Zile ndogo za roka ni 18 tu. Tepeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, zote 0.25 mm, za kuingiza na za kutolea. Tumia hesabu ya 9, namba mbili zijumlishe 9: valvu ya 8 ikifunguka mwisho, pima ya 1; ya 7 ikifunguka, pima ya 2. Oili imwagwe, karibu lita 6, na lita moja kasoro ya filta. Kama ilikuwa na maji, ibadilishe tena baada ya siku chache. Injini ikishapata moto na kupoa, kaza hedi upya, na tepeti upime tena kwa sababu nafasi hupungua.

Yote hayo hayaishi kufikia Jumamosi. Kutoka Ruaha Mbuyuni utakuwa nyuma ya malori, gia ndogo, upepo hakuna, mkono wa temperecha unapanda na pa kuegesha hapaonekani. Panda basi. Gari halitakimbia.

Baba yako anasalimia. Bati za jiko hazijafika, na yeye alikuwa akilegezea bolti za mashine ya kusaga kwa toki renchi yako. Nimempokonya, kile si chombo cha kulegezea. Ulimwahidi mdogo wako ada ya muhula, anakuulizia. Mahindi tumeshapukuchua, magunia tisa, panya wameshaanza.

Toki renchi nimempa konda wa basi la asubuhi kesho, iko ndani ya salfeti pamoja na unga. Juu kuna galoni ya asali, usimruhusu ailaze. Nipigie ukishapata namba za kompresheni, zote nne, kabla hujashika spana.

Mama yako